Mistari Myeupe ya Bourgogne

Jumatatu, 13 Aprili

Maji nimeyapata makaburini tena. Mara ya nne sasa. Kila kijiji cha Ufaransa kina makaburi yake nje kidogo ya nyumba, na karibu na lango pana bomba la kumwagilia maua ya marehemu. Waendesha baiskeli hujaza chupa zao hapo. Nimelijua hilo kwenye kurasa za mtandaoni za waendeshaji wenyewe, mwenzangu Furaha akinitafsiria. Mwanzoni nilicheka. Sasa nikifungua ramani kitu cha kwanza natafuta msalaba.

Siku ya tatu ina kilomita sitini na mbili na makaburi matano. Inatosha.

Niandike mambo yalivyo, maana leo mudiri wetu, Bwana Nabil, ameyasema mbele ya kila mtu dukani hapa Doha. Wateja wetu sita wanaenda Bourgogne, huko huko Ufaransa, katikati ya Mei, siku sita za baiskeli za changarawe, ya nne ikiwa ya mapumziko. Si zile za lami wala za milimani, ni za kati, tairi nene kiasi, za njia za mashambani na msituni. Hawaendi na kiongozi. Watafuata mstari kwenye kifaa kidogo cha GPS kilichofungwa kwenye usukani. Aliyekuwa akichora mistari hiyo, Mfaransa mmoja, aliacha kazi Januari. Bwana Nabil akanipa mimi kompyuta. Alisema nina subira, na nauliza maswali hadi anaumwa kichwa. Safari ikienda vizuri natoka kaunta, napewa meza yangu ya kuchora njia. Ikiharibika narudi kuuza tyubu na chupa za maji.

Naitaka meza hiyo. Naitaka hadi naona aibu.

Alhamisi, 16 Aprili

Kwenye metro hadi Al Wakrah nilisoma habari za mikate. Maduka ya mikate kule hufungwa Jumatatu. Mengine yote hufungwa saa sita hadi saa nane, kama hapa. Siku ya pili ya safari ni Jumatatu. Ingekuwa aibu, watu sita katikati ya mashamba na njaa yao.

Lakini kuna mashine. Inasimama peke yake kando ya barabara, unatia sarafu, unatoka mkate mrefu. Nimeitazama picha yake nusu saa. Nani anaijaza? Saa ngapi? Mkate wa jana unaenda wapi? Furaha, ninayekaa naye mtaa wa Al Mansoura, hajui, naye ndiye mwenye Kifaransa. Anatoka Bukavu, anafanya kazi hotelini. Amesema nitakufa kwa kutaka kujua.

Njia zenyewe nazitafuta kwenye picha za setilaiti. Gari la kupiga picha za barabarani halikufika huko mashambani, kwa hiyo naangalia kutoka juu. Changarawe inang'aa. Mstari mweupe unaokata shamba, hiyo ni njia. Ramani ya kawaida nayo ina vinjia vya nukta, lakini vingi vinaingia chini ya miti na sivioni tena. Nisichokiona sikiamini.

Ijumaa, 17 Aprili

Siku ya mapumziko. Wasswa, fundi wetu kutoka Uganda, alikuja na baiskeli mbili za kujaribu, tukatoka alfajiri kusini ya Al Wakrah kabla jua halijawa kali. Mchanga mgumu, vumbi, mawe madogo. Miguu imekufa.

Nilijifunza kitu. Nilimwonyesha mstari mweupe niliokuwa nimeuona kwenye setilaiti, nikamwambia tuufuate. Tukaufuata hadi ukuta wa kiwanja fulani. Wasswa akasema, "Hii njia, madamu, ilifanywa na lori ya simiti. Mimi nilikuwa hapa wakijenga. Miaka minne imepita." Lori lilipita wiki chache tu. Alama zake bado ziko, utadhani ni za jana. Hakuna kinachozifuta.

Nimeandika kanuni kwenye daftari la kazi: mstari mweupe ni njia, hata ukiwa wa zamani.

Jioni nimempigia Sharon, binti yangu. Yuko na mama yangu Kitale, Kenya, ana miaka tisa. Aliniambia mambo mawili na kukimbia kucheza. Haya.

Jumanne, 28 Aprili

Siku zote sita zimekamilika. Nimepata mistari myeupe mizuri sana, mirefu, imenyooka, haina gari hata moja. Siku ya tano ndiyo fahari yangu. Kilomita tisa katikati ya mashamba, kisha mteremko hadi mtoni, kisha kupanda kijijini kulala. Jina la kijiji lina herufi kumi na mbili, nazo Furaha anatamka tano tu.

Daktari Leela amekuja kukagua. Yeye ni daktari wa mifupa na ndiye mkubwa wa kundi la wale sita. Mwanamke wa maneno machache. Aliniuliza kama nimewahi kupita hata moja ya njia hizi. Nikasema hapana. Akauliza kama najua mtu aliyepita. Nikasema nimeziona. Aliniangalia kidogo, akatia sahihi.

Swali lake silipendi. Mfaransa naye alichorea hapa hapa, kwenye kiti hiki hiki.

Jumatano, 6 Mei

Wasswa amefungua baiskeli sita na kuzipanga kwenye maboksi. Magurudumu, pedali, vyote vimefungwa vitambaa vya kanzu kuukuu. Nilimsaidia kuandika majina. Sikuwa na la zaidi la kufanya lakini sikutaka kwenda nyumbani.

Jumapili, 17 Mei

Wameanza. Siku ya kwanza safi. Picha kumi na nne kwenye kundi letu la simu. Ng'ombe weupe kama chaki. Mashine ya mkate, na mmoja wao ameikumbatia. Makaburi, bomba, chupa zimejaa. Wameandika asante Nekesa.

Bwana Nabil ameziweka picha kwenye skrini ya duka wateja wazione. Amepita nyuma yangu akasema "mashallah" bila kusimama. Kwake hayo ni maneno mengi.

Kijani kingi huko. Kinaumiza macho. Nimezizoea picha zangu za setilaiti, zile za rangi ya biskuti.

Jumatatu, 18 Mei

Siku mbaya.

Saa tano asubuhi, ujumbe wa Daktari Leela: njia haipo. Nikajibu ipo, songeni mita mia mbili, tazameni kushoto. Akajibu haipo. Nikajibu ipo, naiona. Mungu anisamehe, nilibishana na mtu aliyesimama mahali penyewe, mimi nimekaa Doha kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka.

Akatuma picha. Amesimama na baiskeli yake, na mbele yake ngano. Ngano imemfika kifuani, imesongamana, hakuna hata pa kupitisha mguu. Kifaa chake kinaonyesha mstari wangu unapita katikati.

Wakajaribu kuzunguka pembeni. Majani yanayowasha yamewala miguu. Mmoja wao, mhasibu, alitumbukia kwenye mtaro uliofunikwa na nyasi, ameteguka kifundo cha mkono. Kisha masaa matatu ya barabara kuu ya lami, na malori.

Bwana Nabil alisoma yote. Hakupaza sauti. Alisema "bukra", tutaongea kesho, akaingia ofisini. Afadhali angepiga kelele.

Jumanne, 19 Mei

Nimefika dukani kabla ya kufunguliwa. Nikafungua ile picha ya setilaiti, shamba lile lile. Mstari upo. Mweupe, umenyooka, mzuri. Nikajiuliza kama Daktari alipotea. Nikapima. Hakupotea.

Pembeni chini ya picha pana maandishi madogo. Nimeyaona mara mia nikadhani ni mambo ya kampuni ya ramani. Leo nimeyakuza. Ni tarehe. Septemba.

Septemba ngano imekwisha kukatwa. Ninachokiona ni alama za trekta kwenye shamba tupu. Si njia. Ni mahali trekta lilipogeukia na kurudi. Mvua ikanyesha, wakapanda, ikaota.

Mimi mtoto wa mkulima wa mahindi. Naitwa Nekesa, jina la wasichana waliozaliwa wakati wa mavuno, na nimesahau kwamba vitu huota. Nyumbani kila mtu anajua, vijia vya Disemba vinavyokata mashamba mwezi wa tano havipo. Unazunguka. Hata kuku anajua. Lakini miaka sita niko hapa, alama ya lori haifutiki, na nyumbani nimeenda mara nne, zote Disemba, kama kila mtu. Disemba mahindi yameshavunwa. Unapita unapotaka.

Nina hasira na mimi mwenyewe.

Bwana Nabil aliniita saa nne. Leo wanaendesha kwenye lami, hawana furaha, na kesho ni siku yao ya mapumziko. Wamesema hivi: kesho jioni wawe na mistari ya Alhamisi na Ijumaa wanayoweza kuiamini, au wapande treni kwenda Paris na safari iishe hapo. Nikamwambia kosa ni langu na nikamweleza lilivyo. Alisikiliza, akatazama ile tarehe. Akasema nijaribu, lakini ikishindikana, khalas, imekwisha, atarudi kutafuta Mfaransa.

Siku ya tano, yaani Alhamisi, ile fahari yangu, ina mashamba matatu ya aina hiyo. Na chini kule mtoni simu haishiki.

Jumatano, 20 Mei

Furaha alikuwa na zamu ya mapumziko. Nilimwomba, akaja na mimi dukani, na mfuko wa mandazi. Tukakaa stoo juu ya maboksi ya tairi na simu ya duka. Mpango ulikuwa mdogo: kama siwezi kuona, niulize.

Ofisi ya kijiji cha kwanza, mashine ya kujibu. Ya pili, mama mmoja alidhani tunauza paneli za sola, akakata. Ya tatu wanafungua Ijumaa tu. Nikamwambia Furaha tujaribu duka la mikate. Muuza mikate lazima anamjua kila mtu.

Alimjua. Shamba kubwa la siku ya tano ni la shemeji yake. Akatupa namba. Tukapiga, mke akasema mzee anakula na baada ya kula atajinyoosha, tupige baada ya saa nane. Furaha akaweka simu chini. "Hawa batu banalalaka na saa sita," alisema. Yeye mwenyewe alikuwa anasinzia.

Saa tisa yetu, yao saa nane, tukapiga tena. Mzee akauliza tunatoka wapi. Doha. Akamwita mke wake aje asikilize. Kisha akacheka muda mrefu, lakini si kwa ubaya. Mstari mweupe ni trekta lake, ndiyo. Sasa hivi ngano imefika kifuani na baiskeli sita zikiingia humo atazifuata na fimbo. Akauliza kwa nini hatupiti njia ya babu yake.

Njia gani?

Furaha alisikiliza, akinitafsiria kidogo kidogo, mimi kidole kiko kwenye skrini. Nyuma ya shamba kuna nyua mbili za miti, zimekaribiana. Katikati yake kuna njia ya zamani, imezama chini kidogo, changarawe na udongo mgumu. Matawi yamekutana juu. Kutoka angani ni giza la kijani tu. Nilipita juu ya giza hilo mara ishirini bila kusimama. Ramani ina nukta zake pale pale, zile nilizozikataa.

"Anasema ng'ombe banapitaka humo kila siku," Furaha alisema. "Anasema kama ng'ombe inapita, baiskeli itapita."

Na mtoni? Maji yanafika magotini mwezi huu, lakini mita mia tatu juu kuna daraja la mbao. Hilo nalo liko chini ya miti.

Tumepiga simu kumi na saba. Hadi saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimechora Alhamisi na Ijumaa upya, karibu yote juu ya lile giza la miti. Mashamba yote nimeyaacha. Nyua na misitu nimeifuata. Ni kazi ya ajabu, kuchora mahali usipopaona kwa maneno ya mtu usiyemjua.

Nilitaka kutuma bila kueleza. Ningeonekana nina uhakika. Halafu nikamwandikia Daktari Leela kweli yote: njia hii sijaiona, hakuna picha yake, nimeambiwa na mwenye shamba, jina lake hili na simu yake hii. Nikabonyeza kabla sijaghairi.

Alijibu baada ya saa nzima. Sawa. Tutajaribu.

Alhamisi, 21 Mei

Kaunta. Nimeuza tyubu tatu, kengele moja, kiti cha mtoto. Mteja mmoja aliniuliza tofauti ya pampu mbili na sikumbuki nilimjibu nini.

Saa nne waliondoka. Saa tano walikuwa kwenye duka la mikate, picha ya yule mama, mnene, anacheka. Baada ya hapo kimya. Saa sita. Saa saba. Bwana Nabil alitoka ofisini mara mbili, akatazama simu yake, akarudi. Wasswa akaniletea chai nisiyoiomba. Nilifungua picha ya setilaiti nikakuza lile giza hadi likawa vipande vya miraba. Hakuna kitu.

Nilifikiria mtaro. Nilifikiria mhasibu na mkono wake. Kusema kweli niliifikiria meza pia, na hilo lilinikera, watu wako mtoni na mimi nawaza fanicha.

Saa nane na dakika arobaini. Picha moja. Ni kama wako ndani ya bomba la kijani. Matawi juu, kuta za udongo pande zote mbili, changarawe katikati, na mwanga umeanguka vipande vipande. Mbele yao makalio ya ng'ombe weupe saba.

Daktari Leela ameandika: Ipo. Tunasubiri foleni.

Nimeenda stoo nikalia.

Jumapili, 24 Mei

Wamerudi. Wamekuja kuchukua mifuko yao. Daktari Leela ana mabaka mekundu miguuni bado. Alinishika mkono, akaniuliza yule mzee anapenda nini, anataka kumtumia kitu. Nikasema nitauliza. Mhasibu amekuja na bandeji yake. Hakunisalimu. Simlaumu.

Bwana Nabil aliniita ofisini akafunga mlango. Nilijua ni moja kati ya mawili. Alisema kosa lilikuwa la kijinga na nikakubali. Alisema pia kwamba Mfaransa, miaka yote ile, hakumpigia mkulima hata mmoja. Kisha akasema meza ni yangu, ile ya pembeni ya dirisha, kuanzia kesho, na kila mstari nitakaochora lazima uwe na jina la mtu anayekaa huko aliyesema ndiyo. Furaha atalipwa kwa kila simu anayopiga.

Nilishukuru. Nilidhani nitaruka. Sikuruka, nilikaa tu nikitabasamu kama mjinga.

Akatoa karatasi ya likizo. Juni hadi Agosti hakuna anayeendesha hapa, joto, duka linafunguliwa jioni tu. Lakini mimi najulikana kwa kwenda nyumbani Disemba. Alikuwa ameshaandika Disemba mwenyewe, akanigeuzia karatasi nitie sahihi.

Nilishika kalamu. Sikutia. Nikamwambia nafikiria.

Ijumaa, 29 Mei

Nimechagua Juni.

Mama alipokea simu akauliza nimefukuzwa kazi au ni mgonjwa. Nikasema hakuna, nakuja tu. Akasema lakini Juni hakuna mtu, ndugu zako wote wako kazini, ni matope na palizi, tutakula nini cha maana? Nikasema tutakula mboga.

Akampa Sharon simu. Sharon akasema, "Lakini mami, sitakuwa nimefunga shule."

Najua, nikamwambia. Ndiyo sababu.

Hakuelewa. Huyu mtoto namjua wa Disemba. Gauni jipya, nywele zimesukwa, soda mezani, hana kazi ya shule, hana jambo la kumuudhi. Wiki tatu, kisha uwanja wa ndege. Sare yake nimeiona kwenye picha. Sijawahi kuifua. Sijui anaamka vipi siku ya Jumanne. Sijui kama ananuna.

Nimemuuliza kama hununa asubuhi.

"Kidogo," alisema. "Nyanya huniacha hadi ninywe chai."

Basi nami nitamwacha hadi anywe chai. Tiketi ni ya tarehe tisa. Nimefua nguo, nimezianika dirishani, zimekauka kabla sijamaliza kuandika ukurasa huu.